Kutoka Wino hadi Rangi: Historia ya Kugeuza Rangi za Chapa kati ya Mitambo na Karatasi

1. Utangulizi

Neno rangi, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiajemi, hubeba maana mbili kwa pamoja. Kwanza ni kitu kinachoshikika: fundi hununua kopo la rangi, huipaka ukutani, nayo hukauka. Pili ni kile ambacho jicho hukiona: rangi ya anga, rangi ya damu, rangi ya majani. Katika mazungumzo ya kila siku muungano huo wa dutu na mwonekano haumdhuru mtu yeyote. Katika kazi ya kupiga chapa, lakini, ulisababisha makosa na hasara kwa muda mrefu, maana hata lugha za Ulaya, ambako ufundi huo ulikulia, zilizoea kuita kwa jina moja kile kinachopakwa na kile kinachoonekana.

Tatizo lenyewe laweza kuelezwa kwa maneno machache. Picha moja ikipigwa chapa kwa mabamba yaleyale, mara kwenye karatasi laini iliyopakwa, mara kwenye karatasi ya gazeti, huonekana kana kwamba ni picha mbili. Uso wa mtu uliokuwa na uhai katika chapa ya kwanza huwa kama wa mgonjwa katika ya pili. Nyekundu hufifia, vivuli huziba. Basi yafaa kuuliza: kama wino ni uleule na kiasi chake ni kilekile, rangi imepotelea wapi?

Makala haya yanafuata historia ya jibu la swali hilo, tangu karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Hoja yake ni kwamba kila hatua kubwa katika historia hiyo ilihamisha mahali ambapo rangi ilidhaniwa kuwa inakaa. Kwanza ilitafutwa ndani ya wino, kisha ndani ya nukta zinazopigwa juu ya karatasi, kisha ndani ya jicho la mtazamaji, na mwishowe ndani ya mapatano ya wenye viwanda. Mwishoni patatajwa funzo ambalo historia hiyo inawapa waundaji wa istilahi za Kiswahili.

2. Rangi ndani ya wino: Le Blon na warithi wake

Jacob Christoph Le Blon alizaliwa Frankfurt mwaka 1667. Alikuwa mchoraji na mchongaji wa mabamba ya shaba, naye alifanya kazi Amsterdam kabla ya kuhamia London. Mwaka 1704 Isaac Newton alikuwa amechapisha kitabu chake juu ya mwanga, akieleza jinsi mwanga mweupe unavyotengana kuwa rangi nyingi unapopita katika kioo cha pembe tatu. Le Blon alishika njia nyingine. Alidai kwamba mchoraji anaweza kupata rangi zote za vitu kwa kuchanganya tatu tu: nyekundu, manjano na buluu. Kwa hiyo akatengeneza mabamba matatu kwa ufundi wa mezotinto, kila bamba kwa wino wake, akayapiga moja juu ya jingine kwenye karatasi ileile.

Mwaka 1719 mfalme George I wa Uingereza alimpa hataza ya ufundi huo. Kampuni ikaundwa London ili kupiga chapa nakala za michoro maarufu na kuziuza kwa watu wasioweza kununua michoro yenyewe. Kampuni hiyo haikudumu. Ilishindwa kibiashara katika muda wa miaka michache. Yapata mwaka 1725 Le Blon alitoa kitabu chake, Coloritto, kwa Kiingereza na Kifaransa sambamba. Humo alitofautisha rangi za dutu, ambazo zikichanganywa zote huelekea weusi, na rangi za mwanga, ambazo zikichanganywa huzaa weupe. Tofauti hiyo ilikuwa sahihi, tena ilikuwa ya thamani kubwa. Hata hivyo hakupata njia ya kuigeuza kuwa kipimo. Ni jicho lake mwenyewe lililoamua kila bamba lipewe kina gani, na ujuzi wa jicho hauhamishiki kwa urahisi kutoka kwa bwana hadi kwa mwanafunzi. Alifia Paris mwaka 1741.

Huko Ufaransa kazi hiyo ilichukuliwa na Jacques-Fabien Gautier d'Agoty, aliyetumia mabamba manne, la nne likiwa la wino mweusi. Mwaka 1746 zilitolewa picha zake kubwa za misuli ya mwili wa binadamu. Hapo ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Picha ya mapambo ikipotoka kidogo, hasara ni ya macho tu. Lakini picha inayomfundisha mwanafunzi wa tiba kutenga msuli na mshipa haina ruhusa ya kupotoka ovyo. Bamba la nne lilisaidia kwa sababu wino wa rangi tatu ukipigwa pamoja hautoi weusi kamili. Hutoa kahawia nzito yenye matope. Tangu hapo wino mweusi umebaki kuwa mshirika wa wale watatu, na uhusiano wake nao ungeleta maswali magumu zaidi baadaye, kama itakavyoonekana.

3. Rangi ndani ya nukta: karatasi inapoingia katika hesabu

Karne ya 19 ilileta upigaji picha. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell alionyesha mjini London kwamba picha tatu zilizopigwa kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu zaweza kuunganishwa kwa mwanga na kurudisha rangi ya kitu. Miaka michache baadaye Wafaransa wawili, Louis Ducos du Hauron na Charles Cros, kila mmoja kwa njia yake, walieleza jinsi ya kufanya jambo hilohilo kwa dutu. Hoja yao ni msingi wa chapa hadi leo: kila wino ni kichujio. Wino wa siani huzuia mwanga mwekundu, wa majenta huzuia wa kijani, wa manjano huzuia wa buluu. Kwa sababu hiyo majenta juu ya manjano huzaa nyekundu, na siani juu ya majenta huzaa buluu. Zile nyekundu na buluu alizoziweka Le Blon mwanzoni mwa safari ziligeuka kuwa mazao ya safari.

Ufundi wa nukta ulikamilisha kazi. Katika miaka ya 1880 na 1890, kwa juhudi za Georg Meisenbach katika Ujerumani, na za Frederic Ives na ndugu wawili Levy katika Marekani, picha iliweza kupigwa kupitia wavu na kuvunjwa kuwa nukta ndogo: kubwa penye kivuli, ndogo penye mwanga. Mtambo hauwezi kutoa wino hafifu na wino mzito kwa pamoja. Huweka wino au hauweki. Nukta humdanganya mtazamaji kwa haki: jicho huchanganya wino na weupe wa karatasi, likaona rangi ya katikati.

Ndipo karatasi ilipojitokeza kuwa mshirika wa kweli. Nukta iliyokatwa kwenye bamba kufunika asilimia 50 ya eneo haibaki asilimia 50 ikifika kwenye karatasi. Hutanuka, kwa sababu ya mgandamizo wa mtambo na kwa sababu nyuzi za karatasi huunywa wino. Mwaka 1936 Alexander Murray alichapisha kanuni ya kukadiria eneo halisi la nukta kwa kupima wingi wa mwanga unaorudi. Mwaka 1951 Yule na Nielsen walionyesha jambo la hila zaidi: hata nukta isipotanuka kwa wino, huonekana kubwa kuliko ilivyo, maana mwanga unaoingia kwenye karatasi penye weupe husambaa ndani na kutokea chini ya nukta. Karatasi, basi, haikuwa tena sahani inayopokea chakula. Ilikuwa mmoja wa wapishi.

Tofauti kati ya karatasi na karatasi ni kubwa. Katika viwango vya kimataifa vilivyotumika miaka ya 2000, nukta za kati hutanuka kwa takriban asilimia 13 hadi 16 kwenye karatasi laini iliyopakwa, na kwa takriban asilimia 26 kwenye karatasi ya gazeti. Nukta ya asilimia 50 hufika gazetini ikiwa na sura ya asilimia 76. Mtu anayepeleka namba za kitabu cha sanaa kwenye mtambo wa gazeti bila kuzigeuza hupeleka giza.

4. Rangi ndani ya jicho: kipimo cha mwaka 1931

Maadamu watu walipima wino peke yake, hapakuwa na lugha ya pamoja kati ya mtambo na mtambo. Densitometa iliweza kusema kuna wino mwingi au mchache. Haikuweza kusema wino huo unaonekana vipi. Lugha hiyo ya pamoja ilitoka nje ya viwanda vya chapa. Mnamo mwisho wa miaka ya 1920 wataalamu wawili katika Uingereza, David Wright na John Guild, waliwaomba watazamaji walinganishe rangi moja moja na mchanganyiko wa mianga mitatu. Watazamaji wa Wright walikuwa 10, wa Guild 7. Kutokana na macho hayo 17, Tume ya Kimataifa ya Mwanga ilitangaza mwaka 1931 kile kilichoitwa mtazamaji wa kawaida.

Yafaa kusimama kidogo mbele ya idadi hiyo. Kila mahali duniani ambapo rangi ya chapa inapimwa kwa chombo, kipimo hicho kinategemea kwa asili yake watu 17 waliokaa mbele ya mianga katika nchi moja. Hata hivyo kipimo hicho kimestahimili, na kwa kazi ya chapa kimetosha. Mwaka 1976 tume hiyohiyo ilitoa mpangilio mwingine uliojengwa juu ya ule wa kwanza, ambamo kila rangi hupewa namba tatu: ya kwanza ni mng'ao kutoka 0 hadi 100, ya pili ni upande wa wekundu au ukijani, ya tatu ni upande wa umanjano au ubuluu. Kwa mpangilio huo umbali kati ya rangi mbili ungeweza kuandikwa kwa tarakimu moja.

Papo hapo maswali ya zamani yalipata majibu. Katika viwango vya miaka ya 2000, weupe wa karatasi iliyopakwa ulikuwa na mng'ao wa takriban 95, na wa karatasi ya gazeti 82. Majenta iliyojaa, yaani wino uliofunika eneo zima, ilifikia takriban 74 upande wa wekundu kwenye karatasi iliyopakwa, lakini 44 tu kwenye karatasi ya gazeti. Hizo ni namba za wino uliojaa, kwa hiyo hakuna wino wa kuongeza utakaoziba pengo hilo. Kuna nyekundu ambazo gazeti haliwezi kuzisema kabisa.

Wakati huohuo hesabu ya upande wa wino iliendelea. Mwaka 1937 Hans Neugebauer alieleza kwamba nukta za wino wa aina tatu, zikipigwa moja juu ya nyingine, huacha karatasini maeneo ya aina 8: weupe mtupu, kila wino peke yake, kila jozi, na zote tatu pamoja. Wino wa nne ukiongezwa, maeneo huwa 16. Rangi anayoiona mtu ni wastani wa maeneo hayo kwa kadiri ya ukubwa wake. Kwa mara ya kwanza iliwezekana, angalau katika nadharia, kutabiri mwonekano kabla ya kupiga chapa.

5. Rangi ndani ya mapatano

Nadharia haikutosha kumtuliza mwenye fedha. Mfanyabiashara wa Marekani aliyetangaza bidhaa yake katika magazeti mengi ya picha alikuta bidhaa hiyo ina rangi tofauti katika kila gazeti, kwa sababu kila kiwanda kilitaka filamu zilizotengenezwa kwa mazoea yake. Nani alipe gharama ya kuzitengeneza upya? Katikati ya miaka ya 1970 wachapishaji, watangazaji na wenye mitambo waliafikiana juu ya masharti ya pamoja yaliyojulikana kwa kifupi SWOP. Katika Ulaya, Ujerumani ilitangulia katika kusawazisha wino, na taasisi ya Fogra ya München ilifanya kazi ya kupima mitambo na kutangaza matokeo yake. Kabla ya hapo, mwaka 1963, kampuni ya Pantone ilikuwa imetoa kitabu cha vipande vya wino uliokwisha kuchanganywa, kila kipande na namba yake. Lakini hata kitabu hicho kililazimika kutofautisha wino uleule kwenye karatasi iliyopakwa na kwenye isiyopakwa, ishara kwamba jina la wino halitoshi kuwa jina la rangi.

Mwaka 1993 makampuni manane ya kompyuta na ya picha, miongoni mwao Adobe, Agfa, Apple, Kodak na Microsoft, yaliunda jumuiya ya kimataifa ya rangi, ICC. Pendekezo lao lilikuwa la wepesi mkubwa. Kama kuna mitambo 20, kutengeneza njia ya moja kwa moja kutoka kila mtambo hadi kila mtambo kungedai njia 380. Lakini kila mtambo ukieleza jinsi unavyosema na lugha moja ya katikati, ile ya jicho, maelezo 20 yanatosha. Maelezo hayo huitwa profaili. Ili kuitengeneza, mtambo hupiga jedwali la vipande vya wino, 928 katika jedwali la zamani na 1617 katika lililolifuata. Kila kipande hupimwa kwa spektrofotometa, kisha kompyuta huandika: wino wa kiasi hiki, kwenye karatasi hii, huonekana hivi.

Mwaka 1996 shirika la viwango ISO lilitoa kiwango namba 12647-2 kwa mitambo ya ofseti, kikarekebishwa mwaka 2004 na tena 2013. Kiliweka rangi ya kila wino uliojaa kwa kila aina ya karatasi, na kuruhusu umbali wa 5 kuwa mwisho wa kuvumiliana. Marekebisho ya 2013 yalilazimishwa na karatasi yenyewe. Viwanda vilikuwa vimezoea kutia ndani yake dawa zinazomeza mwanga usioonekana wa urujuanimno na kuutoa kama mwanga wa buluu, ili karatasi ionekane nyeupe zaidi. Vyombo vya zamani havikuuona weupe huo sawasawa, jicho liliuona. Kwa hiyo Fogra ilitoa mwaka 2015 vipimo vipya kwa karatasi za namna hiyo. Mapatano, kama sarufi, hayana budi kuandikwa upya pale matumizi yanapobadilika.

6. Kugeuza: nini kibaki, nini kipotee

Mtu angeweza kudhani kwamba baada ya hayo kazi imekwisha: soma namba za mtambo wa kwanza, zipeleke kwenye lugha ya jicho, kisha ziandike kwa wino wa mtambo wa pili. Ndivyo ilivyo kwa rangi ambazo mitambo yote miwili inaziweza. Kwa rangi zilizo nje ya uwezo wa mtambo wa pili, hapana budi kuchagua. ICC yenyewe ilikubali hivyo ilipoweka makusudio manne ya kugeuza. La kwanza hubana picha nzima ili uhusiano wa rangi na rangi ubaki. La pili hushika kila rangi inayowezekana kama ilivyo, likihesabu kutoka weupe wa karatasi mpya, na kukata zile zisizowezekana. La tatu hutafuta ukali wa rangi hata kama usahihi utapungua, jambo linalofaa michoro ya takwimu. La nne huiga hata weupe wa karatasi ya kwanza, ili nakala ya majaribio ifanane na chapa yenyewe.

Msomaji aliyezoea kazi ya kufasiri ataona hapa ndugu wa karibu. Mfasiri huamua kama atashika maana ya kila neno au mwendo wa sentensi nzima. Hawezi kushika vyote viwili kila mahali. Mashine hutekeleza kusudio lililochaguliwa kwa kasi kubwa, lakini haichagui.

Upande wa wino mweusi ugumu huzidi. Namba tatu za jicho hazisemi ni wino gani uliozaa rangi ile. Kijivu kimoja chaweza kutokana na siani, majenta na manjano pamoja, au na wino mweusi peke yake. Kwa hiyo maandishi yaliyopangwa kwa wino mweusi mtupu, yakipitishwa katika lugha ya jicho, hutoka upande wa pili yakiwa yametawanyika katika wino wa aina nne. Kwa jicho la chombo yako sahihi. Mtamboni, karatasi ikisogea kidogo tu kati ya bamba na bamba, kila herufi hupata kivuli cha rangi na maandishi madogo hayasomeki. Hapo usahihi wa rangi umeua maana ya ukurasa.

Dawa iliyopatikana inastahili kuangaliwa, kwa sababu inarudi nyuma hatua moja. Kwa kazi hizo hutengenezwa kiungo cha moja kwa moja kati ya mtambo na mtambo, kinachojua wino wa pande zote mbili: weusi mtupu hubaki weusi mtupu, manjano safi hubaki manjano safi, na jumla ya wino hupunguzwa kwa kadiri karatasi inavyoweza kunywa. Aina nne za wino zikijaa zote hufikia asilimia 400. Karatasi nzuri iliyopakwa huvumilia takriban 300 hadi 330, ya gazeti takriban 240. Ikizidishiwa, hailiwi wino wala hakukauki. Huchafua ukurasa unaoilalia. Kwa hiyo, baada ya kuhama kutoka kwenye wino hadi kwenye jicho, ufundi ulilazimika kuukumbuka wino tena. Rangi hukaa katika jicho, lakini kitabu hupigwa kwa wino.

7. Hitimisho

Historia hii ina jambo la kuwaambia wanaounda istilahi za Kiswahili. Vitabu vinavyoeleza chapa mara nyingi husema kwamba rangi zote hutokana na nyekundu, manjano na buluu. Wapiga chapa wa Ulaya nao walizoea kuita majenta nyekundu na siani buluu. Mwanafunzi anayefundishwa hivyo hataelewa kamwe kwa nini wino wa "nyekundu" ukichanganywa na manjano ndipo unapozaa nyekundu. Majina majenta na siani, yakiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, hayana uzuri wa samawati wala wa manjano, lakini yana faida ya kutosema uongo. Sivyo tu. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyopatana na ngeli, -eupe, -eusi na -ekundu; nyingine husemwa kwa kutaja kitu: rangi ya manjano, rangi ya majani, rangi ya kahawa. Njia hiyo ya pili imo karibu na sayansi kuliko inavyodhaniwa, kwa maana hueleza rangi kwa kitu kinachoonekana, katika mwanga ambao wasemaji wote wanaujua.

Faida kubwa zaidi ingepatikana kwa kutenga wino na rangi katika maandishi ya kitaalamu. Wino uwe jina la dutu inayotoka mtamboni na kupimwa kwa asilimia. Rangi iwe jina la kile kinachoonekana baada ya wino, karatasi, mwanga na jicho kukutana. Maneno yote mawili yapo, yanajulikana na kila mtu, wala hayahitaji kukopwa. Mhariri anayepokea kitabu kilichopigwa chapa upya kwenye karatasi ya bei nafuu, akakuta ramani zake zimepoteza mpaka kati ya msitu na ziwa, ataweza kuuliza swali lenye jibu: je, ni wino uliobadilika, au ni wino uleule ambao haukugeuzwa kwa ajili ya karatasi mpya? Swali la kwanza huulizwa mtamboni. La pili huulizwa mezani, kabla bamba halijakatwa, na gharama yake ni ndogo zaidi.